Mkono Umekufa Ganzi, Mbona Mkanda Unauma?

Mtu anafanyiwa upasuaji mdogo wa kiganja akiwa macho. Kisu kinapita, jeraha linashonwa, naye hana habari. Nusu saa hivi baadaye anaanza kuhangaika na kusema mkono unamuuma. Si pale panapokatwa. Ni juu, karibu na bega, alipofungwa mkanda. Walio kando yake humwambia avumilie kidogo, maana wameshaipima ganzi na wameona imeshika barabara. Wana haki kuhusu ganzi, na mgonjwa ana haki kuhusu maumivu.

Ganzi inayozungumzwa hapa ni ile ya kuingiza dawa ndani ya vena ya mkono uliofungwa mkanda wa hewa ili damu isipite. Wengi huiita ganzi ya Bier, kwa jina la aliyeianzisha. Mkanda ndio unaoifanya iwezekane, ndio unaomkinga mgonjwa asidhuriwe na dawa hiyohiyo, na ndio huohuo unaoikatia muda. Dawa ingeweza kuendelea kufanya kazi kwa muda mrefu zaidi. Kinachomalizika kwanza, karibu kila mara, ni uwezo wa mgonjwa kuustahimili mkanda.

August Bier alikuwa daktari wa upasuaji wa Ujerumani, na jina lake lilikuwa limekwisha kujulikana kwa ganzi ya uti wa mgongo aliyoifanya mwaka 1898. Mwaka 1908 alieleza njia hii nyingine. Aliufukuza mkono damu kwa kuuzungushia bendeji ya mpira, ya aina iliyoenezwa na Friedrich von Esmarch tangu 1873, akaukaza mkono sehemu mbili, juu na chini ya mahali alipotaka kupasua. Kisha alipasua ngozi kidogo kuitafuta vena, akaingiza prokaini, dawa ya ganzi ya wakati huo, katikati ya vifungo hivyo viwili. Aliona ganzi za namna mbili. Katikati ya vifungo ilikuja upesi sana. Chini ya kifungo cha pili, ambako dawa haikufika, ilikuja kwa kuchelewa, kwa sababu neva zinazoelekea huko zilikuwa zimezibwa njiani. Bier, kwa maneno mengine, aliona mapema kwamba ganzi hii inategemea dawa imefika wapi na neva zinapita wapi. Jambo hilo litatufaa tukifika kwenye maumivu.

Njia yake ilikaa kando kwa miongo kadhaa, hasa wataalamu walipojifunza kuchoma dawa kwenye fungu la neva za mkono, kwapani au juu ya mtulinga. Aliyeirudisha kwenye matumizi ni C. McK. Holmes mwaka 1963. Alitumia lidokaini, dawa iliyoundwa Uswidi miaka ya 1940, badala ya prokaini. Mkanda wa kujazwa hewa nao ulikuwa umeshakuwapo, tangu Harvey Cushing alipouleta mwaka 1904 kuchukua nafasi ya bendeji za mpira, ambazo hakuna aliyeweza kujua zinabana kwa nguvu kiasi gani.

Siku hizi kazi huenda hivi. Kanula ndogo, yaani kijirija cha kupitishia dawa, huwekwa kwenye vena ya mgongo wa kiganja cha mkono utakaopasuliwa. Nyingine huwekwa kwenye mkono wa pili, nayo ni ya lazima, maana ndiyo njia ya dawa za dharura mambo yakiharibika. Mkono huinuliwa na kuzungushiwa bendeji ya mpira kuanzia vidoleni ili damu irudi mwilini. Aliyevunjika mfupa asiyeweza hata kuguswa huinuliwa mkono tu kwa dakika chache. Halafu mkanda ulio juu ya kiwiko hujazwa hewa hadi uzidi shinikizo la juu la damu ya mgonjwa kwa milimita 100 za zebaki hivi. Mwenye 130 atafungwa kwa 230, na wengi hutumia 250 kwa mkono wa mtu mzima. Mapigo ya kwenye kifundo yakishapotea, bendeji hufunguliwa na dawa huingizwa polepole. Kwa lidokaini, kipimo kilichozoeleka ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito, ikiwa imezimuliwa hadi asilimia 0.5, bila adrenalini. Mtu wa kilo 60 hupata miligramu 180, sawa na mililita 36. Ngozi hufanya mabaka, vidole hupata joto na kuchonyota, na kwa dakika 5 hadi 10 mkono huwa umekwisha kufa ganzi.

Dawa haibaki ndani ya vena. Inarudi kwenye vishipa vidogo vinavyoilisha neva yenyewe, inaingia hadi kiini cha neva, na kutoka hapo inaenea kuelekea pembeni. Katika neva kubwa za mkono, nyuzi zilizo katikati ndizo zinazofika mbali, hadi ncha za vidole, na ndiyo sababu ganzi huanzia vidoleni na kupanda. Sehemu nyingine ya dawa huzifikia ncha ndogo za neva zilizotawanyika kwenye ngozi na misuli. Kote huko kazi yake ni kuziba njia za sodiamu kwenye ukuta wa neva, na neva isiyopitisha sodiamu haiwezi kusafirisha ujumbe. Kubanwa na kukosa damu navyo huongezea ganzi hiyo.

Sasa tazama dawa isikofika. Haifiki chini ya mkanda uliokazwa, kwa sababu vena za hapo zimebanwa zikafungika, na haifiki juu yake. Ngozi, misuli na ncha za neva zilizo chini ya mkanda zimebaki na hisia zake zote, na ndizo zinazobebeshwa milimita 250 za zebaki kwa dakika nenda rudi. Hiyo ni nusu ya jibu.

Maumivu yenyewe yakoje

Mwanzoni mgonjwa husema anabanwa tu. Baadaye kidogo maneno yake hubadilika: ni maumivu mazito, ya ndani, yanayochoma, yasiyo na mahali maalumu pa kuonyesha kwa kidole. Kubadili mkao hakusaidii. Watu wazima wenye afya waliojitolea kufungwa mkanda bila dawa yoyote ya kutuliza, wengi wao hufika nusu saa hivi kisha huomba ufunguliwe. Wapo wanaoshindwa mapema zaidi, na hilo halimaanishi kuwa ni waoga.

Ili kuelewa kwa nini maumivu huja kwa kuchelewa na kwa sura hiyo, inabidi kujua kwamba neva si uzi mmoja. Ndani yake zimo nyuzi nene zenye ala ya mafuta, zinazobeba mguso na mtetemo kwa kasi kubwa. Zimo nyembamba zaidi, nazo zina ala, zinazoleta maumivu makali ya ghafla kama ya kuchomwa sindano. Na zimo nyembamba kuliko zote, zisizo na ala, ziendazo polepole, zinazoleta maumivu ya kuchoma na kuuma kwa ndani. Mkanda hauzikandamizi zote sawasawa. Nyuzi nene ndizo zinazozimika mapema zinapobanwa na kukosa damu, kwa muda unaokaribia nusu saa. Zile nyembamba zisizo na ala huendelea kufanya kazi.

Hapo ndipo jambo linapokuwa baya. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza nadharia ya lango: kwamba kwenye uti wa mgongo ujumbe wa nyuzi nene huzuia ujumbe wa nyuzi nyembamba usipite wote kwenda kwenye ubongo. Ndiyo sababu mtu aliyejigonga husugua mahali palipouma na kupata nafuu. Mkanda unapozizima nyuzi nene, kizuizi hicho kinaondoka, na nyuzi za maumivu ya polepole hubaki zikipeleka habari zake bila wa kuzipunguza. Wakati huohuo misuli iliyokosa oksijeni inazalisha asidi ya laktiki, potasiamu inavuja kutoka kwenye chembe, na prostaglandini zinaongeza wepesi wa neva kusikia maumivu. Kichocheo kinaongezeka huku kinga ikipungua. Maelezo haya hayajafunga mjadala wote, lakini yanaafikiana vizuri na wanachokisema wagonjwa.

Inafaa kujua pia kwamba maumivu ya mkanda hayahusu ganzi ya Bier peke yake. Mgonjwa aliyechomwa ganzi ya mgongo kwa ajili ya upasuaji wa goti anaweza asisikie kabisa kisu, na bado baada ya dakika 45 hadi 60 akalalamikia paja lilipofungwa mkanda. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba dawa inapoanza kupungua kwenye majimaji ya uti wa mgongo, nyuzi zisizo na ala hutangulia kuzinduka kabla ya zile zinazobeba maumivu makali ya kisu. Hata aliyelala kabisa kwa nusukaputi hakosi kuonyesha: shinikizo la damu na mapigo ya moyo hupanda taratibu bila sababu nyingine, hukataa kushuka kwa kuongezewa dawa, kisha hushuka mara mkanda unapofunguliwa. Mtu hajui kitu, lakini uti wake wa mgongo unajua. Kwangu mimi huu ndio ushahidi wa kumtuliza yeyote anayeshuku kwamba mgonjwa aliye macho anadeka.

Kinachosaidia, na kwa kiasi gani

Njia ya zamani zaidi ni mkanda wenye vyumba viwili vya hewa, kimoja juu na kingine chini yake. Cha juu ndicho kinachojazwa kwanza. Dawa ya ganzi inapoingizwa hupita chini ya kile cha pili ambacho bado ni kitupu, na hivyo ngozi na misuli ya hapo nayo hufa ganzi. Mgonjwa akianza kulalamika, chumba cha chini hujazwa juu ya eneo hilo lililokufa ganzi, kisha cha juu hufunguliwa. Nafuu huwa ya wazi.

Mpangilio ndio kila kitu hapa. Cha chini kijazwe kwanza, kihakikishwe kimeshika, ndipo cha juu kifunguliwe. Anayekosea mfuatano huo, au aliyechanganya mipira ya kupitishia hewa, anaufungua mkono wote kwa dakika moja na kuiachia dawa yote iende moyoni na kwenye ubongo. Mipira hiyo iandikwe alama kabla mgonjwa hajaingia chumbani, si wakati analalamika. Na kuna gharama nyingine isiyosemwa sana: vyumba viwili vikigawana upana wa mkanda mmoja, kila kimoja kinakuwa chembamba, na mkanda mwembamba huhitaji shinikizo kubwa zaidi kuzuia damu kuliko mkanda mpana. Kwa hiyo mkanda wa vyumba viwili hununua muda, lakini huununua kwa kubana zaidi. Kwa upasuaji wa dakika 20 mkanda mmoja mpana unaweza kuwa na huruma zaidi.

Wengine huchoma dawa ya ganzi chini ya ngozi kuuzunguka mkono wa juu, wakilenga neva za ngozi ya upande wa ndani zinazotoka kifuani ambazo sindano za kwapani huzikosa. Inasaidia ngozi. Haisaidii misuli iliyobanwa chini yake, nayo ndiyo yenye malalamiko makubwa, kwa hiyo asiyetarajia mengi hapa hatasikitika.

Zipo pia dawa zinazochanganywa na lidokaini. Ketorolaki, ambayo hupunguza prostaglandini, imeonyesha faida kwa maumivu ya mkanda na kwa yale ya baada ya upasuaji. Klonidini na deksimedetomidini huchelewesha maumivu ya mkanda, ila zinaweza kumsinziza mgonjwa na kushusha shinikizo la damu mkanda unapofunguliwa. Deksamethasoni nayo imetumika. Magnesiamu husaidia lakini huchoma sana wakati wa kuingizwa. Dawa za jamii ya mofini, ambazo mtu angezidhania za kwanza, zimekuwa za kukatisha tamaa zikichanganywa humu. Kati ya zote, ningechagua chache na zinazofahamika vizuri, maana kila kinachofungiwa mkononi kitaachiwa mwilini mwishoni.

Baadhi ya wataalamu huufunga mkanda kwenye kigasha badala ya juu ya kiwiko, kwa upasuaji wa kiganja na vidole. Misuli inayobanwa ni michache, wagonjwa huvumilia zaidi, na dawa inayohitajika hupungua. Hofu ya zamani ilikuwa kwamba damu ingepenya katikati ya mifupa miwili ya kigasha, hivyo shughuli hii inataka mtu aliyeizoea.

Mvutano kati ya maumivu na usalama

Maumivu yanamsukuma kila mtu chumbani atamani mkanda ufunguliwe. Usalama unaweza kudai usifunguliwe bado. Dawa iliyoingizwa dakika 5 zilizopita bado iko huru ndani ya mishipa. Mkanda ukifunguliwa hapo, sehemu kubwa inarudi mwilini kwa mkupuo. Baada ya dakika 20 hadi 30 sehemu yake nzuri imeshashikwa na tishu, na inaporudi hurudi kwa utaratibu. Kwa sababu hiyo kanuni inayofuatwa ni kwamba mkanda haufunguliwi kabla ya dakika 20, hata kama upasuaji wenyewe ulichukua dakika 7. Kwa kikomo cha juu cha muda, wengi husimama kwenye saa moja hadi saa moja na nusu. Wengine hufungua kwa kupokezana: hewa inatolewa kwa sekunde chache, inajazwa tena, mgonjwa anaangaliwa, kisha inatolewa.

Dalili za dawa kuzidi mwilini huanza kwa mambo madogo: ladha ya chuma mdomoni, midomo na ulimi kufa ganzi, masikio kuvuma, kizunguzungu, maneno kuanza kuburuzika. Zikizidi huja degedege, na baadaye moyo kupiga ovyo au kusimama. Matibabu huanza na hewa ya oksijeni na kuzuia degedege, na kwa hali kali hutumika mafuta ya kuchoma kwenye mshipa ya asilimia 20, kuanzia mililita 1.5 kwa kila kilo. Hayo yote yawe chumbani kabla ya sindano ya kwanza.

Na dawa inaweza kuvuja hata mkanda ukiwa umejaa. Anayeichoma kwa haraka, hasa kwenye vena kubwa iliyo karibu na kiwiko, anaweza kupandisha shinikizo la vena likazidi la mkanda. Ndiyo sababu ya kupendelea vena ya mgongo wa kiganja na mkono usio na haraka. Ateri zilizokakamaa kwa uzee huwa hazibaniki vizuri, na dawa kidogo hupita pia kupitia ndani ya mifupa.

Uchaguzi wa dawa una historia yenye uchungu. Bupivakaini, yenye ganzi ya muda mrefu, iliwahi kutumika kwa njia hii, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Uingereza ziliripotiwa taarifa za vifo. Moyo ulioshikwa na bupivakaini ni mgumu sana kuuamsha, na dawa hiyo haipaswi kutumika hapa kabisa. Prilokaini huondoka mwilini kwa haraka na ina sumu ndogo zaidi, ndiyo maana inapendwa panapopatikana. Doa lake ni kwamba mabaki yake hubadili sehemu ya himoglobini kuwa methemoglobini, isiyobeba oksijeni, ingawa kwa vipimo vya ganzi hii huwa ni kwa kiasi kidogo.

Wapo ambao mkanda wenyewe haufai kwao. Mwenye selimundu anaweza kupata madhara, kwa sababu damu iliyonyimwa oksijeni na kujaa asidi ndiyo mazingira yanayozifanya chembe zake zijikunje. Mkono uliopondwa, wenye mzunguko mbovu wa damu, wenye maambukizi makali, au wenye njia ya kusafishia damu kwa mgonjwa wa figo, nao utafutiwe namna nyingine. Mwenye hitilafu ya umeme wa moyo huangaliwa kwa uangalifu, maana lidokaini itaufikia moyo huo mwishoni.

Mguuni habari ni fupi. Paja ni kubwa, linataka dawa nyingi na shinikizo kubwa, na maumivu yake huja kwa nguvu. Mkanda ukishushwa chini ya goti unakaribia neva inayozunguka mfupa mwembamba wa upande wa nje, na neva hiyo huumia kirahisi. Kwa hiyo kwa mguu wengi huchagua ganzi ya mgongo au ya neva husika.

Limebaki jambo la mgonjwa kuambiwa. Kabla ya kulazwa mezani aelezwe kwamba atasikia kubanwa, kwamba baada ya muda kubanwa huko kunaweza kugeuka maumivu, na kwamba akisema, kuna hatua ya kuchukua. Aambiwe pia kwamba kuna dakika ambazo mkanda hautafunguliwa hata akiomba, na sababu yake ni moyo wake. Aliyeambiwa hayo huripoti mapema na kwa utulivu. Asiyeambiwa hudhani ganzi imeisha na kisu kinafuata. Maumivu yakishinda hatua zote na upasuaji haujakwisha, kumlaza mgonjwa kwa nusukaputi ni uamuzi wa kawaida unaopaswa kuandaliwa tangu mwanzo, kwa kuhakikisha alifunga kula na vifaa vipo.

Mkanda ukifunguliwa, ganzi huondoka kwa dakika chache tu, na maumivu ya jeraha huingia mahali pa yale ya mkanda. Dawa ya kutuliza itolewe kabla ya hapo, na daktari wa upasuaji awe ameshazuia damu na kufunga bendeji. Kwa nusu saa inayofuata mgonjwa asiachwe peke yake: aongeleshwe, aulizwe kuhusu midomo na masikio yake, na mashine ya moyo ibaki imeunganishwa.